Mwendo wa Urefuni wa Krenkishafti na Beringi za Msukumo katika Injini za Zamani: Maelezo ya Kiufundi na Kiistilahi

1.0 Utangulizi

Katika lugha ya gereji, kitenzi -cheza kina maana ya ubovu. Tairi likicheza, fundi hutafuta beringi iliyolika. Usukani ukicheza, hutafuta kiungo kilicholegea. Kifaa kinachocheza ni kifaa kibovu, na kazi ya fundi ni kukifanya kisicheze. Kanuni hii inafaa mahali pengi. Hata hivyo, ikitumiwa bila kubagua katika ufufuaji wa injini, huiua injini ile ile iliyokusudiwa kufufuliwa.

Makala haya yanahusu krenkishafti, yaani ule mhimili mzito uliopindwapindwa ambao hubadili mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Krenkishafti lazima icheze kidogo kwa urefu wake, kwa kipimo maalumu. Kipimo hicho kikizidi, injini hugonga na hatimaye bloki huharibika. Kikikosekana kabisa, beringi huungua. Kinachosimamia kipimo hicho ni beringi za msukumo, ambazo katika injini nyingi za zamani ni vipande vyembamba vya chuma vyenye umbo la nusu-duara.

Makala yana malengo mawili. Kwanza, yanaeleza kwa Kiswahili jinsi beringi hizo zinavyofanya kazi, kwa kutumia mifano ya injini tatu zinazofufuliwa sana: Triumph na Mini za Uingereza, na Volkswagen ya Ujerumani iliyopozwa kwa hewa. Pili, yanaonyesha kwamba jina tutakalolipa jambo hili si suala la mapambo ya lugha. Istilahi isiyotenganisha vyema kasoro na hitaji, au inayotegemea upande wa gari badala ya kifaa chenyewe, humwongoza fundi mahali pabaya. Suala hili lina uzito zaidi katika nchi kama Tanzania, ambako vijana wengi wanaojiunga na ufundi stadi wamepata elimu ya msingi kwa Kiswahili, na ambako maelekezo ya gereji hutolewa kwa Kiswahili.

2.0 Njia mbili za kucheza

Krenkishafti hulala ndani ya bloki ikishikiliwa na beringi kuu. Idadi ya beringi hizo hutofautiana: Mini na injini ndogo za Triumph za silinda nne zilikuwa na tatu, ilhali Volkswagen ilikuwa na nne. Beringi kuu huizunguka shingo ya krenkishafti na kuizuia isiende juu, chini wala ubavuni. Kati ya shingo na beringi huachwa uwazi mdogo unaojazwa mafuta. Uwazi huu tutauita nafasi ya mafuta.

Beringi kuu za kawaida, hata hivyo, hazina uwezo wa kuizuia krenkishafti isiteleze kwa urefu wake. Bomba lililopitishwa ndani ya pete haliwezi kwenda juu wala chini, lakini linaweza kusukumwa likatoka upande wa pili. Kwa hiyo, beringi kuu moja hupewa kazi ya ziada. Pande zake mbili huwekewa nyuso za kupokea msukumo, na krenkishafti huchongwa mabega yanayokabiliana na nyuso hizo. Mhimili ukisukumwa upande huu, bega moja hukutana na uso wake na kusimama. Ukisukumwa upande wa pili, husimamishwa na bega la pili.

Jumla ya masafa ambayo krenkishafti inaweza kwenda kutoka bega moja kugusa mpaka bega la pili kugusa ndiyo tunayoiita hapa mwendo wa urefuni. Masafa haya ni madogo sana. Katika injini nyingi za magari hayafiki robo ya milimita, na katika baadhi yake hukaribia unene wa unywele. Ni muhimu kusisitiza tangu mwanzo kwamba nafasi ya mafuta na mwendo wa urefuni ni mambo mawili yasiyotegemeana. Injini inaweza kuwa na nafasi ya mafuta iliyo sahihi kabisa huku mwendo wake wa urefuni ukiwa umepita mpaka. Kinyume chake pia kinawezekana.

3.0 Msukumo hutoka wapi

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa pistoni husukuma krenkishafti kutoka juu, ni nini kinachoisukuma kwa urefu wake? Vyanzo vikuu ni vitatu.

Cha kwanza na kikubwa ni klachi. Dereva anapokanyaga pedali, beringi ya kuachia klachi hukandamiza springi za presha pleti. Presha pleti imefungwa kwenye flaiwili, na flaiwili imefungwa kwenye ncha ya krenkishafti. Nguvu hiyo yote hupita katika mhimili na kuishia kwenye uso mmoja wa beringi ya msukumo. Kadiri springi zilivyo kali ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa. Ndiyo maana mtu anayefunga klachi nzito kuliko ya awali katika gari la zamani hana budi kufikiria pia afya ya beringi hizi.

Chanzo cha pili ni gia zenye meno ya mshazari, mahali zinapotumika kuendesha kamshafti au vifaa vingine. Meno ya mshazari hufanya kazi kwa ukimya kuliko meno yaliyonyooka, lakini kila yanaposukumana huzaa nguvu ya ubavuni. Cha tatu ni mwendo wa gari lenyewe. Gari linapoongeza kasi, linapofunga breki, au linapopanda na kushuka mlima, uzito wa krenkishafti na flaiwili huelemea upande mmoja au mwingine. Vyanzo hivi viwili vya mwisho kwa kawaida ni vidogo vikilinganishwa na klachi.

Jambo linalofuata kutokana na maelezo haya ni kwamba nyuso mbili za beringi ya msukumo hazilingani katika kulika. Uso unaopokea msukumo wa klachi hulika haraka zaidi. Fundi anayefungua injini na kukuta uso mmoja umebaki na rangi yake huku mwingine umekwaruzwa hadi chuma cha ndani kuonekana hapaswi kushangaa. Ameikuta historia ya mguu wa dereva.

4.0 Utando wa mafuta na sababu ya kuhitajika kwa nafasi

Mwaka 1883, Beauchamp Tower alichapisha nchini Uingereza matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba mhimili unaozunguka ndani ya beringi yenye mafuta ya kutosha huinuliwa na presha ya mafuta yenyewe. Mwaka 1886, Osborne Reynolds alitoa nadharia ya kihisabati iliyoeleza matokeo hayo. Kiini cha nadharia ni kabari. Mafuta yakivutwa na uso unaokwenda kuingia katika uwazi unaopungua, hubanwa, na presha inayozaliwa hutenganisha chuma na chuma.

Katika beringi ya mviringo, kabari hiyo hujitengeneza yenyewe, kwa sababu mhimili hukaa kando kidogo ya kitovu na kuacha uwazi mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Katika beringi ya msukumo hali ni ngumu zaidi, kwani nyuso mbili bapa zilizo sambamba hazina kabari ya kiasili. Wahandisi wawili, A. G. M. Michell wa Australia na Albert Kingsbury wa Marekani, walilitatua tatizo hili kila mmoja kwa njia yake. Waligawa uso wa beringi katika vipande vinavyoweza kuinama kidogo, na kila kipande kikajitengenezea kabari. Hataza ya Michell ni ya mwaka 1905 na ile ya Kingsbury ya mwaka 1910. Ubunifu huo uliwezesha beringi za msukumo kubeba mizigo mikubwa ya meli na mitambo ya umeme.

Magari madogo hayakupewa beringi za namna hiyo. Yalipewa washa bapa zenye metali laini usoni na mifereji michache ya kupitisha mafuta. Washa kama hizo hubeba mzigo wa wastani kwa muda mfupi bila taabu, kwa mfano wakati wa kubadili gia. Hazikukusudiwa kubeba mzigo mzito kwa muda mrefu. Dereva anayeshikilia klachi chini kwa dakika kadhaa kwenye taa za barabarani anaitumia beringi kwa namna ambayo mbunifu hakuikusudia. Anayekanyaga klachi wakati wa kuwasha injini baridi anafanya vibaya zaidi, kwa sababu pampu bado haijafikisha mafuta, na msukumo wote hupokewa na nyuso kavu. Ndiyo sababu wenye magari haya hushauriwa kuweka gia huru na kuwasha injini bila kukanyaga klachi.

Sasa tunaweza kuona kwa nini krenkishafti lazima icheze. Mafuta yanahitaji mahali pa kuingia pande zote mbili. Injini ikipata joto, vyuma hutanuka, na si vyote hutanuka sawa. Mhimili uliobanwa bila mwendo wowote hauna mahali pa kuweka utando wa mafuta wala pa kutanukia. Matokeo ni msuguano wa chuma kwa chuma, joto, na kuungua. Mwendo mkubwa kupita kiasi nao una madhara yake: krenkishafti hupigapiga kati ya nyuso mbili kila mzigo unapobadilika, sili ya mafuta huchakaa, na mahali pa kukatia klachi hubadilikabadilika.

5.0 Injini tatu

5.1 Triumph

Injini ndogo ya silinda nne iliyotumika katika Triumph Herald ya mwaka 1959 na Spitfire ya mwaka 1962 ina washa mbili tu za nusu-duara. Zimekaa upande wa bloki pekee, moja kila upande wa beringi kuu ya nyuma, iliyo karibu na flaiwili. Kifuniko cha beringi, yaani nusu ya chini, hakina washa. Kwa hiyo kila msukumo hupokewa na nusu ya mduara tu.

Udhaifu wa mpango huu unajulikana sana miongoni mwa wafufuaji. Klachi husukuma krenkishafti kuelekea upande wa puli, na washa iliyo upande wa flaiwili ndiyo inayolika. Ikilika kupita kiasi, hupata nafasi ya kuteleza kutoka mahali pake na kudondokea kwenye sampu. Kuanzia hapo bega la krenkishafti husaga bloki yenyewe. Kipande ambacho bei yake ni ndogo mno kikilinganishwa na injini huwa kimesababisha kuharibika kwa kifaa kisichobadilishwa kwa urahisi.

Bahati njema ni kwamba dalili hujitokeza mapema. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, husikika mgongo mzito unaotoweka mara klachi inapokanyagwa, kwa kuwa msukumo wa klachi huushikilia mhimili upande mmoja. Tiba nayo si ngumu ikiwahiwa: sampu hushushwa, kifuniko cha beringi ya nyuma hufunguliwa, na washa mpya huzungushwa kuingia mahali pake bila kuitoa injini garini. Zipo washa zilizoongezwa unene kwa 0.005 ya inchi kwa ajili ya kufidia ulikaji. Uso wenye metali laini na mifereji lazima uelekee krenkishafti. Ukielekezwa kwenye bloki, kazi yote huwa ya bure. Baadhi ya wafufuaji huchonga kifuniko na kukifungia washa za chini pia, ili msukumo ugawanywe katika mduara mzima.

5.2 Mini

Mini ilizinduliwa na kampuni ya BMC mwaka 1959. Injini yake ni ya familia ya A, ambayo ilikuwa imeanza kutumika mwaka 1951 katika Austin A30. Hapa washa za msukumo ni nne: mbili juu na mbili chini, zikizunguka beringi kuu ya katikati. Zile za chini zina ulimi mdogo unaoingia katika kifuniko na kuzizuia zisizunguke. Mduara umekamilika, na washa hazina njia rahisi ya kudondoka. Kipimo kilichowekwa na watengenezaji ni kidogo: kati ya 0.002 na 0.003 ya inchi, yaani takriban milimita 0.05 hadi 0.08.

Mini ina sifa mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni kwamba giaboksi yake iko chini ya injini, ndani ya sampu, na vyote hutumia mafuta yale yale. Hivyo beringi za msukumo haziwezi kufikiwa bila kuitoa injini na kuitenga na giaboksi. Kosa la kipimo wakati wa kufunga hurekebishwa kwa kuirudia kazi yote. Sifa ya pili ni kwamba injini imelazwa kwa upana wa gari, flaiwili ikiwa kulia na puli kushoto. Tutairudia sifa hii katika sehemu ya 7.0.

5.3 Volkswagen iliyopozwa kwa hewa

Gari dogo la Volkswagen, ambalo uzalishaji wake ulikoma Mexico mwaka 2003 baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21, lina historia katika eneo letu. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na lilikuwa gari la kawaida katika barabara zetu kwa miongo kadhaa.

Mpango wake wa kupokea msukumo ni tofauti na ule wa Waingereza. Beringi kuu namba 1, iliyo upande wa flaiwili, ni pete nzima yenye kingo za kupokea msukumo. Kati ya beringi hiyo na flaiwili huwekwa shimu tatu, yaani pete nyembamba za chuma, na mwendo wa urefuni huamuliwa kwa kuchagua unene wa shimu hizo. Kipimo kinachotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, na mpaka wa ulikaji ni milimita 0.15. Shimu zilitolewa katika unene wa milimita 0.24, 0.30, 0.32, 0.34 na 0.36.

Ubora wa mpango huu ni kwamba fundi haletewi kipimo kutoka kiwandani. Anakitengeneza mwenyewe kwa kila injini. Udhaifu wake uko kwenye bloki. Bloki ya injini hii ni ya aloi ya magnesiamu, ambayo ni laini kuliko chuma. Baada ya miaka mingi, mahali inapokaa beringi namba 1 hupanuka, na beringi yenyewe huanza kwenda na kurudi ndani ya bloki. Mwendo wa namna hii hauwezi kutibiwa kwa shimu, kwa sababu shimu hurekebisha masafa kati ya flaiwili na beringi, si kati ya beringi na bloki. Tiba yake ni kuichonga bloki upya na kuifungia beringi pana zaidi. Fundi anayesoma tarakimu moja tu bila kujiuliza ni kifaa gani kinachokwenda anaweza kuongeza shimu mpaka flaiwili ikabana, huku tatizo likibaki palepale.

6.0 Kupima

Upimaji hufanywa kwa geji yenye uso wa saa. Geji hufungwa imara kwenye bloki, na ncha yake huegemezwa kwenye flaiwili au kwenye ncha ya krenkishafti, sambamba na mhimili. Krenkishafti husukumwa kwa bisibisi kubwa hadi mwisho wa upande mmoja, geji huwekwa kwenye sifuri, kisha mhimili husukumwa hadi mwisho wa upande wa pili. Tarakimu inayosomwa ndiyo mwendo wa urefuni. Asiye na geji ya aina hiyo anaweza kutumia filageji kati ya bega la krenkishafti na washa, ikiwa mahali hapo panafikika.

Katika injini zenye washa za juu na za chini kuna hatua moja ambayo huachwa mara nyingi. Kabla ya kukaza kabisa kifuniko cha beringi yenye msukumo, krenkishafti husukumwa huku na huku ili nusu ya juu na nusu ya chini zilingane uso kwa uso. Kifuniko kikikazwa kabla ya hapo, nusu moja hutangulia mbele ya mwenzake na kubeba mzigo wote peke yake.

Kwa Volkswagen, utaratibu una hesabu ndani yake. Flaiwili hufungwa kwanza ikiwa na shimu mbili tu, bila sili ya mafuta, na nati yake kubwa hukazwa. Mwendo hupimwa. Kutoka katika kipimo hicho hutolewa milimita 0.10, na jibu ni unene wa shimu ya tatu. Tuseme kipimo cha shimu mbili ni milimita 0.44. Tukitoa 0.10 tunapata 0.34, ambao ni unene wa shimu iliyopo. Flaiwili hufunguliwa, shimu ya tatu na sili huwekwa, na upimaji hurudiwa kwa uhakikisho. Milimita 0.10 hutolewa kwa sababu ndicho kiasi kinachotakiwa kubaki, katikati ya 0.07 na 0.13. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba krenkishafti haitakiwi kucheza hawezi kuielewa hesabu hii. Kwake yeye, jibu sahihi lingekuwa kuweka shimu ya milimita 0.44 na kumaliza nafasi yote.

7.0 Suala la istilahi

Hapa ndipo ufundi na isimu vinapokutana. Tuchunguze sentensi za aina inayotumika gereji:

(1) Krenki inacheza.
(2) Hakikisha krenki haichezi.
(3) Krenki inacheza juu na chini.
(4) Krenki inacheza mbele na nyuma.

Sentensi (1) ina utata wa aina mbili. Haisemi ni uelekeo upi, wala haisemi kama kucheza huko ni kasoro au ni hali inayotakiwa. Kwa kuwa kitenzi -cheza katika uwanja huu hubeba maana ya ubovu, msikilizaji huitafsiri sentensi kuwa tangazo la ugonjwa. Sentensi (2) ni agizo linalotokana na tafsiri hiyo. Agizo hilo ni sahihi kuhusu beringi ya tairi iliyolegea, lakini kuhusu krenkishafti ni la hatari.

Sentensi (3) na (4) zinaonyesha kwamba wazungumzaji wenyewe wana njia ya kuondoa utata wa uelekeo kwa kuongeza vielezi vya mahali. Njia hii ni nzuri na ni ya Kiswahili. Kasoro yake ni kwamba "mbele na nyuma" hupimwa kwa gari, si kwa kifaa. Katika Triumph, mbele ya injini ni upande wa puli. Katika Volkswagen, injini ikiwa nyuma ya giaboksi, upande unaoelekea mbele ya gari ni ule wa flaiwili. Katika Mini, ambayo injini yake imelazwa kwa upana, krenkishafti haiendi mbele wala nyuma. Huenda kulia na kushoto. Fundi anayeambiwa "badili washa ya mbele" atashika kipande tofauti katika kila gari kati ya haya matatu.

Njia ya tafsiri sisisi nayo haitusaidii. Istilahi ya Kiingereza ya jambo hili imeundwa kwa maneno mawili, la kwanza likiwa na maana ya ncha au mwisho, na la pili kuelea. Tukiyatafsiri moja moja tunapata "kuelea kwa mwisho," maneno ambayo kwa Mswahili huita picha ya maji na ya tamati ya jambo fulani. Nomino "mchezo" imekwisha kuchukuliwa na michezo ya viwanjani na ya jukwaani, na "uchezaji" humhusu mchezaji. Zote mbili pia zingeendeleza ile maana ya ubovu iliyomo katika kitenzi.

Kwa sababu hizi, makala yanapendekeza seti ifuatayo:

(a) Nafasi ya mafuta: uwazi kati ya shingo ya krenkishafti na beringi inayoizunguka.
(b) Mwendo wa urefuni: jumla ya masafa ambayo krenkishafti inaruhusiwa kwenda kwa urefu wake.
(c) Beringi ya msukumo: beringi inayopokea msukumo wa urefuni na kuusimamisha.
(d) Upande wa flaiwili na upande wa puli: pande mbili za krenkishafti, bila kujali injini imekaaje garini.

Istilahi (b) imejengwa kwa kiambishi tamati cha mahali -ni, kama ilivyo katika "maisha ya kijijini" au "kazi za nyumbani." Urefu unaotajwa ni wa kifaa chenyewe, kwa hiyo jina halibadiliki injini ikilazwa, ikigeuzwa au ikitolewa garini. Aidha, neno "mwendo" halina lawama. Mwendo unaweza kuwa mdogo, wa kutosha au wa kupita kiasi, na huo ndio ukweli wa jambo lenyewe. Inaweza kudaiwa kwamba "mwendo" hutumika pia kwa maana ya kasi. Dai hilo ni la kweli katika lugha ya barabarani, lakini kijalizo "wa urefuni" pamoja na kipimo cha milimita huondoa shaka. Kuhusu (c), ni kweli kwamba kihusishi -a kinaweza kueleweka kuwa beringi ndiyo inayosukuma. Fasili inayoambatana na istilahi lazima iseme wazi kwamba beringi hupokea msukumo. Mazoea ya matumizi yatakamilisha kazi, kama yalivyokamilisha katika "dawa ya mbu," ambayo hakuna anayeielewa kuwa ni ya kumtibu mbu.

Vifaa vyenyewe tumeviachia majina yake ya gereji: krenkishafti, flaiwili, klachi, puli, sampu, washa, shimu. Majina haya yamekwisha kuzoeleka vinywani mwa mafundi, na hakuna sababu ya kuyang'oa. Kinachohitaji kazi ya mwanaistilahi ni dhana, hasa zile ambazo jina lake la mazoea linaficha tofauti. Washa inaweza kushikwa na kuonyeshwa kwa kidole. Mwendo wa milimita 0.10 hauonekani kwa macho, na ni jina lake pekee linaloweza kumwambia mwanafunzi kwamba upo na kwamba unatakiwa.

Tofauti inayoletwa na istilahi inaonekana tukilinganisha maagizo mawili:

(5) Kaza krenki isicheze mbele na nyuma.
(6) Pima mwendo wa urefuni. Uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13. Ukizidi 0.15, kagua kwanza kama beringi ya msukumo inakwenda ndani ya bloki.

Agizo (5) ni fupi na linaeleweka mara moja, lakini linaharibu injini. Agizo (6) linamtaka msikilizaji ajue kitu kimoja zaidi, na hicho kimoja ndicho ufundi wenyewe.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba krenkishafti hushikiliwa kwa namna mbili, na kwamba msukumo wa urefuni, ambao chanzo chake kikuu ni klachi, hupokewa na nyuso ndogo zinazotegemea utando mwembamba wa mafuta. Triumph, Mini na Volkswagen zilipanga nyuso hizo kwa njia tatu tofauti, na kila njia ina aina yake ya kuharibika. Katika zote tatu, hata hivyo, kanuni ni moja: mwendo uwepo, upimwe, na usipite mpaka.

Kwa upande wa lugha, mfano huu unatukumbusha kwamba kazi ya kuunda istilahi za ufundi haiishii kwenye kutafuta neno la Kiswahili kwa kila neno la kigeni. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, orodha nyingi za istilahi zimetolewa, na zimesaidia. Lakini orodha hutaja vitu. Ni nadra kutaja masharti yake. Watafiti wa istilahi watakaokwenda gereji wasikusanye majina ya vipuri peke yake. Wasikilize pia vitenzi, kwa kuwa katika vitenzi kama -cheza, -legea na -kaza ndimo hukumu ya fundi ilimo, na ndimo pia makosa yanamojificha.